Kuhamia Chumba Kimoja

Umewahi kuhama? Simaanishi kuhama na begi la nguo. Nasema kuhama kwelikweli, kutoka nyumba ya vyumba vitatu kwenda chumba kimoja cha kupanga, mkokoteni uko mlangoni na majirani wanachungulia. Kitanda lazima kiingie. Makochi je? Na lile kabati la vyombo la mama, lenye vioo, linapita mlangoni kweli? Wapo watu wanaoingiza vyote, halafu usiku wakitaka maji ya kunywa wanaruka juu ya meza.

Waundaji wa michezo ya video wamekuwa wakihama hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Mchezo unazaliwa kwenye mashine kubwa, ya sebuleni au ya ukumbini, yenye nguvu na rangi kibao. Ukishapendwa, mwenye mali anasema sasa tuuingize kwenye mashine ndogo ya mkononi. Hapo ndipo mkokoteni unapofika. Nataka kuwasimulia habari za uhamaji huo, kwa sababu naona watu wengi wanaucheka bila kuutazama.

Tuanzie mwaka 1989, Japani, kampuni ya Nintendo. Mzee mmoja fundi, Gunpei Yokoi, pamoja na wenzake walitoa mashine iitwayo Game Boy. Kioo chake kilikuwa na vitone 160 kwa upana na 144 kwa urefu. Piga hesabu: vitone 23,040 tu. Rangi hakikuwa nazo. Kilikuwa na vivuli vinne, kuanzia kijani cha mchicha uliochemka hadi kijani cha mchicha uliosahauliwa jikoni. Taa ya ndani hakuna, ukitaka kucheza usiku ukakae chini ya balbu. Na kitu kikikimbia kwenye kioo kile kilikuwa kinaacha mkia wa ukungu nyuma yake, kwa sababu vitone vilichelewa kubadilika.

Wapinzani walikuwa na mashine za rangi. Atari alitoa Lynx mwaka huohuo, na Sega akaja na Game Gear mwaka 1990. Ukiziweka pembeni ya Game Boy unaona aibu kwa niaba yake. Lakini Game Gear ilikuwa inakula betri sita kwa saa chache tu, wakati Game Boy ilikwenda na betri nne kwa saa kumi na zaidi. Yokoi alikuwa na imani yake: chukua ufundi wa zamani, wa bei rahisi, uliokwishazoeleka, kisha uutumie kwa namna mpya. Alijua kwamba mtoto akiishiwa betri safarini, rangi zote za dunia hazimsaidii kitu.

Mchezo uliouza mashine ile ulikuwa Tetris, na hapa pana jambo la kuchekesha. Tetris haikuhitaji kuhama. Alexey Pajitnov aliibuni Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Elektronika 60, ambayo haikuweza hata kuchora picha, ikabidi matofali yachorwe kwa alama za maandishi. Kitu kilichozaliwa chumba kimoja hakina tabu ya kuhamia chumba kimoja. Ndiyo maana hata zile mashine za bei poa za kupanga matofali, tulizozijua wengi wetu mitaani, ziliuweza mchezo ule bila shida.

Tabu ilikuja kwa wale waliozaliwa katika jumba.

Chukua Street Fighter II. Ilitoka mwaka 1991 kwenye mashine za ukumbini, zile za kutumbukiza sarafu. Vitufe sita: vitatu vya ngumi, vitatu vya mateke, kila kimoja na uzito wake. Wapiganaji kumi na wawili ukiwahesabu na wale wakubwa wanne wa mwisho. Kila mmoja alichorwa mkubwa, misuli inaonekana, na nyuma yake kuna mji mzima: soko, bandari, watu wanashangilia. Mwaka 1995 ikahamia Game Boy, yenye vitufe viwili tu vya kupigia.

Walifanyaje? Kitufe kimoja kikawa ngumi, kingine teke. Ukigusa haraka pigo linakuwa jepesi, ukibonyeza kwa muda pigo linakuwa zito. Hiyo ni akili, msikatae. Wapiganaji watatu wakaachwa nje: Honda yule wa mieleka, yule Mhispania wa kucha za chuma, na Dhalsim wa mikono ya mpira. Mimi nadhani Dhalsim kwenye kioo kile ngumi yake ingetokea huku na kurudi kule. Waliobaki wakafinywa, na mwendo wao ukakatwa vipande, kwamba pigo lililokuwa na hatua nyingi za mchoro likawa na chache. Ukitazama picha moja iliyosimama unasema naam, ni Ryu huyu. Akianza kutembea unaona kwamba kuna kitu kimebaki njiani.

Hata hivyo, mchezo ule ulikata, na waliokata walijua wanakata. Kuna waliokataa kabisa kukata, na kisa chao kinanigusa zaidi.

Mwaka 1994 kampuni ya Rare ya Uingereza ilitoa Donkey Kong Country kwa mashine ya Super Nintendo. Watu walidata. Sokwe yule alikuwa ameumbwa kwanza kwa kompyuta ghali za Silicon Graphics, akawa kama sanamu ya udongo yenye mwanga na kivuli, kisha picha zake zikashushwa kuingia kwenye mashine ya sebuleni. Manyoya yanaonekana, majani ya msitu yanaonekana. Mwaka uliofuata Rare wakatengeneza ndugu yake mdogo kwa ajili ya Game Boy, Donkey Kong Land, katika kasha la manjano kama ndizi. Na wakaja na mizigo yote. Sokwe aleale mwenye vivuli, msitu uleule nyuma yake umejaa majani, magome, mawe, kila kitu kwa vivuli vinne.

Sasa we fikiria mwenyewe. Kwenye kioo chenye rangi, sokwe ni kahawia na msitu ni kijani, macho yanawatenganisha bila kuulizwa. Ukitoa rangi, wote wawili wanakuwa madoadoa. Sokwe mwenye madoa mbele ya msitu wenye madoa, na akikimbia kioo kinaacha ukungu. Unaruka, unakufa, na hujui umeuawa na nini. Mchoro wenyewe haukuwa mbaya. Ukiichomeka katriji ile kwenye Super Game Boy, kile kifaa cha mwaka 1994 kilichoonyesha michezo ya Game Boy kupitia Super Nintendo kwenye televisheni, unaona kwamba mchoro ni bomba kabisa. Waliuchora vizuri kwa ajili ya kioo kingine. Mtoto aliyekuwa nacho mkononi alipewa kitu kizuri asichoweza kukiona.

Ndugu yake wa namna hiyo ni Resident Evil ya Game Boy Color. Game Boy Color ilitoka mwaka 1998, ikaleta rangi lakini idadi ya vitone ikabaki ileile, 160 kwa 144. Kampuni ya HotGen ikapewa kazi ya kuuingiza humo mchezo wa kutisha wa PlayStation, jumba zima, pamoja na zile pembe nyingi za kamera. Walijitahidi mno. Mhusika akisogea mbali na kamera anakuwa mdogo, anakuwa mdogo zaidi, mpaka anabaki kama mchwa mwenye bastola. Mwaka 2000 Capcom wakaufutilia mbali. Nakala isiyokamilika ilijitokeza mwaka 2012 na watu wakaicheza kwa mshangao. Ni kazi ya kishujaa ile, nakiri. Lakini zombi wa ukubwa wa punje ya mchele hamtishi mtu.

Kuna kukata kwingine ambako hakuhusiani na udogo wa chumba, na lazima tukutenganishe. Doom ilitoka mwaka 1993 kwenye kompyuta. Mwaka 2001 ikaingia kwenye Game Boy Advance, mashine yenye kioo cha vitone 240 kwa 160. Waliotengeneza waliichukua kutoka toleo la Atari Jaguar la mwaka 1994, ambalo ramani zake zilikuwa zimerahisishwa tayari, na yale mazimwi mawili makubwa, Cyberdemon na Spider Mastermind, yalikuwa yameachwa. Haya ni makato ya nafasi na nguvu, sawa. Lakini damu nayo ikawa kijani! Chipu ya Game Boy Advance ilikuwa inajua rangi nyekundu vizuri sana. Hapo mashine haina kosa, wameamua watu. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi mtu anaogopa jambo, anakata, halafu anaisingizia nafasi. Sisi tunaoandika tunaijua hiyo: "kurasa hazikutosha," kumbe ni woga.

Tukiwa bado kwa Game Boy Advance, kioo chake nacho hakikuwa na taa. Ile ya kukunja yenye taa, SP, ilikuja mwaka 2003. Castlevania: Circle of the Moon ya mwaka 2001 ilikuwa nzuri lakini ya giza, na watu walicheza wakitafuta dirisha. Mwaka 2002 ikaja Harmony of Dissonance, rangi zimewaka, na mhusika Juste amezungushiwa mstari wa buluu mwili mzima. Ukiitazama leo kwenye kioo kizuri unauliza huyu kijana amewekewa neoni ya baa? Lakini keti na mashine yenyewe ya 2001 barazani jioni, utamwona kijana wako alipo kila sekunde. Mchoraji alikuwa anamfikiria mtu wa barazani.

Basi turuke mpaka 2017. Nintendo wanatoa Switch mwezi Machi, mashine ya kushika mkononi ambayo pia unaweza kuichomeka kwenye televisheni. Ndani kuna chipu ya Nvidia, Tegra X1, iliyotangazwa mwaka 2015. Kumbukumbu yake GB 4, wakati PlayStation 4 ilikuwa na GB 8. Na ukiitoa kwenye televisheni ukaishika mkononi, inapunguza kasi ya chipu ya picha hadi karibu nusu, ili betri isife na mikono isiungue. Mawazo ya mzee Yokoi bado yalikuwa yanatawala mle ndani, ingawa yeye mwenyewe alifariki mwaka 1997.

Novemba ya mwaka huo ikaingia Doom mpya, ile ya 2016, mchezo uliokuwa unazifanya mashine kubwa zitoe jasho. Kazi hiyo ilifanywa na kampuni ya Panic Button ya Texas. Nawaomba mnisikilize hapa polepole, maana hapa ndipo penye utamu.

Doom kwenye PlayStation 4 ilikuwa inachora picha 60 kila sekunde. Panic Button wakaamua ichore 30. Kwa uamuzi mmoja huo, muda wa kuchora kila picha ukawa mara mbili. Kisha wakapunguza vitone: mchezo wenyewe unajipima kila wakati, mapambano yakizidi unashusha idadi ya vitone, yakitulia unaipandisha. Mara nyingi ilikuwa chini ya kiwango cha kioo chenyewe, ambacho ni 1280 kwa 720. Kuta na ngozi za mazimwi zikapoteza undani. Na juu ya hayo yote wakatumia ukungu wa mwendo: ukigeuka haraka, picha inafifia upande unaogeukia, kama unavyoona miti ukiwa dirishani mwa basi. Ukungu huo unaficha kwamba picha ni chache na vitone ni vichache. Hata kifaa cha kujitengenezea ramani, SnapMap, kikaachwa.

Kipi hawakugusa? Kasi ya mchezaji na idadi ya vita. Unakimbia vilevile, unaruka vilevile, maadui wanakuja vilevile. Doom ni kukimbia na kupiga bila kusimama. Walijua kitanda ni kipi, wakakiingiza kwanza. Makochi yakauzwa.

Mwaka 2019 ikaja kazi ngumu zaidi. The Witcher 3, mchezo wa Poland wa mwaka 2015, nchi nzima ya mashamba, misitu na miji, iliingizwa kwenye Switch na Saber Interactive wakishirikiana na wenyewe CD Projekt Red. Ugumu ni huu: kwenye PlayStation 4 Witcher ilikuwa inachora picha 30 kwa sekunde tangu mwanzo. Ule mlango waliopitia Panic Button haukuwepo. Ukigawa 30 mara mbili unapata 15, na hapo huchezi tena, unatazama picha za ukutani. Ilibidi wakate kila mahali kidogokidogo. Nyasi zikapunguzwa. Miti ya mbali ikawa na umbo la kubahatisha. Vivuli vikalegea. Vitone vikashuka, ukiwa mkononi hufikii 960 kwa 540 nyakati zote. Lakini hadithi haikukatwa hata sura moja, na nyongeza zote mbili zilikuwemo, yote kwenye kadi moja ya GB 32.

Na Februari 2020 wakafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: waliongeza vifaa vya kurekebisha picha, mchezaji akaweza mwenyewe kuwasha na kuzima mambo kama ukungu, ukali wa picha na wingi wa majani. Yaani walimkabidhi mpangaji mkasi, wakamwambia na wewe kata unavyoona.

Mshikaji wangu mmoja, mwenye mashine kubwa nyumbani, aliniletea picha mbili zimewekwa bega kwa bega. Kushoto Witcher ya PlayStation, kulia ya Switch. Akacheka mpaka akakohoa. "Ona mti huu, kama brokoli iliyochemshwa." Kweli, ulikuwa kama brokoli. Nikamwuliza, wewe huwa unacheza mchezo ukiwa umesimamishwa? Akanyamaza kidogo, akasema lakini si unaona tofauti? Naiona. Amezikuza picha zile kwenye televisheni ya inchi hamsini. Kioo cha Switch ile kina inchi 6.2. Kwenye kiganja, jicho halihesabu majani, jicho linatafuta njia, linatafuta adui, linatafuta mlango. Ukiichomeka kwenye televisheni, hapo sawa, ulegevu unaonekana wazi na hakuna wa kuutetea.

Kilichoniuma ni kile kicheko. Kilikuwa na maana kwamba mwenye mashine dhaifu hachezi Witcher, anacheza kivuli cha Witcher, ashukuru. Mimi nasema inategemea nani alifanya kazi ya kukata, na alikuwa anamtazama nani. Mtoto wa Donkey Kong Land alipewa vyote na hakuona kitu. Mwenye Doom ya 2017 alinyimwa nusu ya picha na akapewa Doom.

Kuna mchezo mmoja nimeuruka makusudi pale nilipokuwa kwenye miaka ya tisini. Metroid ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1986. Mpiganaji wake ni Samus, mwanamke ndani ya vazi la chuma. Akipata vazi gumu zaidi, liitwalo Varia, rangi yake inabadilika, na mchezaji anajua. Akishika makombora badala ya risasi za kawaida, rangi inabadilika tena. Mwaka 1991 Metroid II ikatengenezwa kwa ajili ya Game Boy, na Yokoi yuleyule ndiye aliyesimamia. Vivuli vinne. Rangi ya kubadilisha iko wapi?

Wachoraji wakaacha kabisa kufikiria rangi, wakafikiria umbo. Samus akichagua makombora, mdomo wa bunduki iliyo mkononi mwake unafunguka. Akivaa Varia, mabega yanavimba, yanakuwa mviringo mkubwa kama mitungi miwili. Hata kwenye kioo kibovu, hata na ukungu, hata jua likipiga, huwezi kukosea. Walimchora mkubwa pia, kiasi kwamba mapango yanayomzunguka yanaonekana kidogo tu, na unajihisi umebanwa chini ya ardhi. Humo wengi walipotea njia, maana ramani haikuwepo, na kuta zinafanana. Hilo silitetei.

Mwaka 1994 Samus alirudi kwenye Super Nintendo, mashine ya rangi kibao, katika Super Metroid. Sababu ya yale mabega ilikuwa imekwisha, maana rangi ingetosha. Akaja nayo. Mwaka 2002 akaingia GameCube, umbo la pande tatu, mwanga unacheza juu ya chuma, mabega yapo. Na mwaka 2017 ile Metroid II yenyewe ikatengenezwa upya kwa ajili ya Nintendo 3DS, mashine ya mkononi yenye rangi za kila aina na vioo viwili. Ukifika mahali pa kuvaa Varia, vazi linageuka rangi kama lilivyokuwa mwaka 1986, na mabega yanavimba.